Kelele Niliyoifuta

Ndani ya kontena la bluu, machimbo ya Kisian,
nimejenga nyundo isiyo na chuma.
Ina pistoni ya herufi na namba,
ina vali inayofunguka nikibonyeza kidole,
ina naitrojeni iliyobanwa kichwani
kama hasira ya mtu aliyeombwa radhi upesi mno.

Nzuri.
Mapigo mia sita na arobaini kwa dakika,
haichoki, haivuji, haimwagii mtu mafuta kwenye buti.
Hata matale ninayoipa ni ya kwangu:
jiwe tiifu, gumu sawasawa kila upande,
linalopasuka pale nilipolipangia.

Nje, Obiero Nyakwaka yuko juu ya ekskaveta
na nyundo yenyewe, ya chuma, ya mtumba,
inakohoa.
Mia nne na tisini. Nimehesabu kwa saa ya simu.
Mia na hamsini yanapotelea wapi?
"Yanaliwa," alisema Obiero,
na kwa kuwa nimesoma, nikatabasamu.

Papo kwa papo kamba hukata jiwe.
Ndiyo, lakini kamba ile haikuwa na oda
ya kokoto lori kumi na mbili kabla ya Ijumaa,
wala haikununuliwa kwa mkopo wa Wekulo
anayepiga simu kila saa nne asubuhi
kuuliza kama kompyuta imemaliza kufikiri.

Siku tatu nikapunguza gesi, nikaongeza mtiririko,
nikafupisha safari ya pistoni kwa milimita mbili,
usiku, kwenye skrini,
taa za Kisumu zikikatika ghafla penye giza la ziwa
kama grafu iliyoishiwa data.
Kila mkunjo ulitoka laini.
Niliulainisha mwenyewe. Palikuwa na jino dogo,
mkwaruzo kila pistoni inaporudi juu;
nikaliita kelele, nikalichuja.

Siku ya nne Obiero alizima redio, akamwachia usukani
kijana wake wa zamu, akashuka,
akanishika kifundo cha mkono bila kuomba,
akakiweka kiganja changu kwenye paipu ya kurudisha mafuta.
"Sikiliza."
Kwa kiganja?
"Kwani hiyo grafu yako ina masikio?"

Teke. Teke. Teke.
Mafuta yanataka kurudi nyumbani
na mlango ni mwembamba.
Jino langu. Lile lile,
hai, lenye joto, likiniuma mkononi.

Nilirudi kontena na grisi hadi kiwiko,
nikalirudisha jino mahali pake,
nikaiambia nyundo yangu ukweli:
umezeeka, na kuna mtu alikuwekea paipu ya bei rahisi.
Ikakohoa.
Mia nne na themanini na saba.
Sijawahi kuufurahia ugonjwa kiasi kile.

Paipu mpya ilitoka Kondele kwa bodaboda,
imemzunguka mwendeshaji kifuani kama chatu.
Alhamisi alasiri matale yakaitika,
ka-ka-ka-ka, bila pigo kumezwa,
ufa ukatimka, jiwe likafunguka
rangi ya waridi, bichi, halijawahi kuona jua.
Wekulo alicheka kwenye simu.
Obiero aliomba nyongeza palepale,
kabla kicheko hakijapoa.

Ila jana, nikishuka kununua maziwa,
Perez Adongo alinionyesha rafu yake ya vikombe.
Zamani vilitetemeka, alisema. Siku hizi vinatembea.
Amevifunga kwa uzi wa nailoni,
kimoja kimoja, masikioni.
Hakugomba. Alinipimia maziwa,
akapangusa vumbi kwenye meza, likarudi, akapangusa.

Usiku huu nimefungua faili upya.
Kuna safu ya nguvu, safu ya mafuta, safu ya joto.
Kikombe nikiandike kwa kipimo gani?
Nimeandika Perez juu ya safu tupu
na kijistari kinapepesa hapo chini yake,
kinapepesa,
kama mara sitini kwa dakika.